Mrija wa Kwanza

Tulipomaliza kugawana vitu vya mama, ndoo zilibaki. Kaka alichukua plau na redio, mdogo wangu akachukua kitanda na vitenge, mawifi wakagawana sufuria kwa ile adabu ya watu wanaoviziana. Lakini zile ndoo tatu nyeupe, ambazo weupe wake ulishageuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, hakuna aliyezitaka. "Hizo zina pombe ndani yake hata zikiwa tupu," alisema wifi mmoja, mwanakwaya, akizikwepa kama zingemrukia. Nikasema basi nitazichukua mimi. Nikafungua mfuniko wa mojawapo ili nione kama kuna panya, harufu ikanipiga usoni, nikakaa chini pale pale sakafuni.

Wenzangu mliokulia vijiji vya Mbozi mnaijua harufu ya kimea cha ulezi. Ina uchachu, ina utamu, ina kitu cha udongo uliolowa. Ila katika ndoo za mama, nyuma kabisa, kwa anayejua kuitafuta, kulikuwa bado na harufu ya mkate. Nililia kwa sababu ya ule mkate kuliko nilivyolia makaburini.

Mama alikuwa mpishi wa kimpumu. Kwa asiyejua, kimpumu hakinywewi kwa kikombe. Machicha ya ulezi uliochachuka huwekwa kwenye chungu kidogo, yanamwagiwa maji ya moto, watu wanakizunguka na mirija yao na kunyonya. Maji yakipungua yanaongezwa mengine, mazungumzo yanaendelea, yanaongezwa tena, mpaka ladha iishe na watu waanze kukumbuka kuwa wana wake nyumbani. Chungu kimoja, midomo mingi. Na hakuna anayegusa mrija kabla mpishi hajanyonya. Mama alikuwa akipiga goti, anainama, anavuta, anameza, watu wazima wote wakimtazama koo. Kisha anafuta mrija kwa kiganja na kusema, "Karibuni."

Mimi niliona huo ni ufalme. Nilidhani mpishi anaanza kwa kuwa pombe ni yake, kama nilivyodhani aliyeshika mwiko ndiye mwenye haki ya ukoko. Nilijiapiza kuwa nikikua nami nitapika, ili wazee waningojee mimi nimalize.

Kijijini kwetu, upande wa Hasamba, wanawake waliopika walikuwa na siku zao. Jumamosi ilikuwa ya mama, aliirithi kwa bibi, na ndiyo siku iliyokuwa na maana, maana watu wametoka shambani na wachuma kahawa wana kitu mfukoni. Sabuni yetu, chumvi yetu, sare zetu za shule, vyote vilitoka Jumamosi. Lakini zamu zilikuwa na sheria yake. Ukikosa kupika, unasamehewa, kila mtu ana matatizo. Ukikosa na inayofuata, siku yako anapewa mwingine, na hakuna wa kumlilia.

Asubuhi moja mtungi wa bibi, ule mkubwa wa kuchachushia, ulipasuka ukiwa umejaa. Hakuna aliyeugusa. Ulichoka tu. Kimea kikatambaa uani, kuku wakakiwahi, na mpaka mchana jogoo wetu alikuwa akiwika kwa kukatakata huku ameegemea ukuta. Sisi watoto tulicheka hadi tukashika mbavu. Mama hakucheka. Alikaa na vigae mapajani akavipanga kana kwamba vingeungana. Jumamosi ile hakupika.

Kulikuwa na hela kidogo ya kahawa, ya kununua chombo kimoja cha maana au vidogo vidogo kadhaa. Jioni, akipepeta ulezi, mama alikuwa akiwaza kwa sauti, nasi tukisikiliza. Chungu kipya cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, kilikuwa kizuri, lakini chungu kipya kina kiburi, mpaka kizoee pombe zamu imeshaondoka. Sufuria kubwa la bati linatafunwa na uchachu, ukilikwangua unakwangua sufuria. Pipa la chuma linaota kutu na kimpumu kinatoka cheusi. Baba, ambaye hakuwa mnywaji wala mtu wa maneno mengi, alisema, "Nunua pipa la plastiki, mke wangu. Tunduma yamejaa." Mama akaendelea kupepeta.

Tulikwenda Tunduma juu ya lori la mahindi, mama, mimi, na Mama Jeska. Huyu alikuwa jirani yetu, mdogo kwa mama, mcheshi, mwenye zamu ya Jumatano. Naye alitaka kuboresha vyombo vyake. Yeye na mama walipendana, ila kwa tahadhari, kwa sababu kila mtu alijua kuwa Jumamosi ikimponyoka mama itaangukia kwa Mama Jeska.

Karibu na mpakani mapipa ya bluu yalikuwa yamepangwa kwa safu, yana mifuniko na pete za chuma za kubana, yanang'aa. Nililipenda moja mara tu nilipoliona. Muuzaji alikuwa Mzambia wa Nakonde, mwenye kofia ya sufu, maneno matamu na salamu ya Kibemba.

"Bamayo, mulishani? Karibu, karibu. Hii pipa imetoka Kitwe huko. Haipasuki, haiozi. Utamwachia mjukuu."

"Lilibeba nini?" mama akauliza.

"Ilibeba vitu tu, mayo. Imeoshwa. Nusa mwenyewe."

Mama akaingiza kichwa chote ndani. Akatoka. "Sabuni," akasema. "Sabuni nyingi mno." Kisha akanigeukia. "Nenda kwa yule mama wa chai. Mwambie aniuzie birika la maji yanayochemka. Si chai, maji."

Nilileta. Mama akayamwaga pipani, akafunga mfuniko, akalilaza, akalizungusha huku na huku, akalisimamisha. Halafu akatandika kanga chini, katikati ya watu na matoroli, akakaa mbele ya pipa kama mgeni aliyekuja kulisalimia. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Watu wakaanza kusimama kutazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha wazo likanijia: mama analifanyia pipa dawa.

Alipofungua, mvuke ukatoka. Aliinamisha uso, akavuta pumzi, akarudi nyuma kwa ghafla. Akamwita Mama Jeska.

"Nusa."

"Nasikia sabuni, dada."

"Chini ya sabuni."

Mama Jeska akanusa tena. "Mimi nasikia maji ya moto."

"Bamayo, awe, hapana!" muuzaji akalalamika. "Unaniharibia biashara."

"Maji ya moto hayana adabu, baba," mama akamwambia, bila ukali. "Yakiingia mahali yanasema yote. Humu kuna kitu kinakwaruza pua. Sijui ni nini, ndiyo maana silitaki. Uji wangu wa pombe unaingia ukiwa na joto."

Mama Jeska akacheka, cheko ambalo si cheko. "Dada, sema ukweli. Unaogopa Jumatano yangu itaipita Jumamosi yako."

Mama akaokota kanga yake, akaikung'uta vumbi. "Ningekuwa naogopa hilo," akasema, "ningekuacha ununue nikanyamaza."

Mama Jeska alinunua. Tena kwa bei ya chini, maana baada ya yale maji ya moto muuzaji alitaka tu pipa liondoke machoni pake. Mimi nilimhurumia mama. Nilidhani ameshindwa kununua na anatafuta maneno ya kuficha.

Sisi tulizunguka mpaka nyuma ya kibanda cha mwoka mikate. Pale zilikuwa zimerundikwa ndoo nyeupe zenye mifuniko, ambazo mafuta mgando ya mikate huja ndani yake. Mama akaomba maji ya moto tena. Mwoka mikate alicheka lakini akampa. Safari hii mama alipofungua mfuniko alitabasamu, akaniita, akaniinamisha kichwa kwa mkono wake. Vijicho vya mafuta vilielea juu ya maji, na mvuke ulinukia mkate mpaka tumbo likanguruma. "Mafuta nayajua," akasema. "Mafuta ni chakula." Akanunua ndoo tatu, na kilichobaki kikatosha birika kubwa la kuchemshia maji ya wanywaji.

Jamani, nilikasirika. Pipa la Mama Jeska lilisimama juu ya lori kama bwana harusi, na sisi tumekaa na ndoo zetu kama watu waliotumwa kisimani. Njia nzima sikumjibu mama aliponiuliza kama nina njaa. Nilikuwa na njaa.

Nyumbani alizisugua ndoo kwa majivu, akazianika, akaanza kazi. Sasa hapo ndipo nilipozidi kumdharau, Mungu anisamehe, maana alipika kidogo kidogo. Akajaza ndoo moja. Akatulia. Kesho yake akajaza ya pili, kisha ya tatu. Nilidhani ni umaskini, kwamba ulezi haujatosha. Kumbe mama alikuwa amefikiri. Mtungi ulipopasuka ulipasuka na kila kitu, akasema, na hatarudia kuweka riziki yake yote kwenye tumbo moja. Kwa ndoo, moja ikiharibika mbili zinabaki, na ya kwanza ikiiva mapema, anaionja na kujua zinazofuata azirekebishe vipi.

Jumatano ya Mama Jeska ikawadia, na ndoo ya kwanza ya mama ilikuwa imeshaiva, ikingoja Jumamosi. Kijiji kizima kilikwenda kwa Mama Jeska, wengine si kwa kunywa, kwa kuliona pipa. Alikuwa amelijaza. Mzee Simbeye, ambaye kwa umri ndiye aliyekuwa na haki ya mrija wa pili popote pombe ilipopikwa, alilipiga kofi pembeni kama anayesifu ng'ombe. Mama alikaa na wanawake. Mimi nilijibanza ubavuni pake.

Chungu kikawekwa katikati, machicha yakatiwa, maji ya moto yakamiminwa. Mvuke ukapanda. Mama Jeska akapiga goti, akashika mrija, akainama. Akakwama hapo hapo, mrija haujagusa mdomo.

"Unaiombea?" Mzee Simbeye akatania. Watu wakacheka.

Akainama tena. Niliona mrija ukigusa midomo yake, niliona macho yake yakitoka kwenye chungu yakamtafuta mama. Hakuvuta. Watu wakaacha kucheka. Kuna ukimya wa watu wazima ambao mtoto anauogopa kuliko kelele, na ulikuwa ule.

Nami nilikuwa najua sababu. Mama amelifunga pipa kwa dawa. Yale maji, ile kanga chini, ile midomo iliyochezacheza! Niliogopa, nikasogea pembeni kidogo, halafu nikajivuna, nikarudi. Mama yangu, mama huyu huyu wa kusugua ndoo kwa majivu, ana nguvu za kumzuia mtu asimeze.

Mama akasimama, akajipangusa kanga. "Jamani, msimwonee Mama Jeska," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Pombe yake haijakaa sawa, na alinifuata asubuhi kuniambia. Tukakubaliana leo awanyweshe ya kwangu. Mimi ndiye niliyechelewa kuileta, mnilaumu mimi." Akaniinamia. "Nenda na Jeska, mlete ile ndoo ya karibu na mlango. Mpitishe kijiti kwenye kishikio chake, msiimwage."

Hakukuwa na makubaliano yoyote. Nilikuwa naye asubuhi nzima. Jeska na mimi tulibeba ndoo ile katikati ya migomba tukipumzika kila mara, na njia nzima nilijiuliza kwa nini mtu aliyeshinda anapeleka pombe yake kwa aliyeshindwa. Ilikuwa pombe ya Jumamosi. Ilikuwa pombe ya zamu ambayo tulikuwa karibu kuipoteza, na hata mimi nilijua hivyo.

Chungu kikasafishwa, kikajazwa upya. Mama akapiga goti, akavuta, akameza. Akafuta mrija. Lakini badala ya kumpa Mzee Simbeye, alimpa Mama Jeska. Mzee akakohoa, akatazama pembeni, akaruhusu. Mama Jeska alinyonya huku machozi yakimdondokea chunguni. Hela yote ya jioni ile ilibaki kwake, maana Jumatano ilikuwa yake.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza mama, kwa heshima kubwa ya mtu anayezungumza na mganga, "Mama, ulilifunga lile pipa?"

Alicheka mpaka akashika mti wa kahawa asianguke. Kisha akaona sicheki, naye akaacha. "Unajua kwa nini mpishi ananyonya kwanza?"

"Kwa sababu pombe ni yake."

"Hapana, mwanangu. Wale wote wataweka midomo pale, na wengine wana watoto kama wewe. Ukianza wewe, unawaambia kwamba kama humu mna kitu, kinipate mimi kwanza. Mama Jeska alipoinama akakumbuka yale maji ya moto." Tukatembea kidogo. "Na angeweza kufumba midomo akajifanya anavuta. Nani angejua? Hakujifanya. Hela yake yote imo mle pipani, na hakujifanya. Nisikusikie unamcheka."

Sijawahi kumcheka. Jumamosi mama alikuwa na ndoo mbili tu, pombe ikaisha jua likiwa bado liko juu, watu wakanung'unika. Lakini alipika, na zamu ikabaki. Aliyekuwa akichochea moto na kukimbiza birika jipya kutoka jikoni hadi kwenye vyungu, kanga kaifunga kiunoni, alikuwa Mama Jeska. Baadaye naye alinunua ndoo kwa yule yule mwoka mikate. Pipa lake lilikatwa mdomo, likawa la kuwekea kuni zisilowe. Mpaka leo sijui lilikuwa limebeba nini. Pengine halikuwa na kitu. Mama mwenyewe hakuwahi kusema lilikuwa na sumu, alisema tu hajui, na kwake kutojua kulitosha.

Nimekaa mjini miaka mingi, nimefanya biashara na watu wa pande zote za mpaka, nimewaona wengi waliosoma na wenye vyeo wakiuza wasichoweza kukila wao wenyewe. Kila mara nilimkumbuka mama amekaa juu ya kanga mbele ya pipa, haoni haya, anangoja maji yaseme. Nilimpenda kama kila mtu anavyompenda mama yake. Lakini siku hiyo, hata kama nilichelewa kuielewa, ndiyo inayonifanya nimheshimu kama mtu ambaye ningetamani kumfahamu hata asingenizaa.

Siku ile ya kugawana vitu, nikiwa bado sakafuni na mfuniko mkononi, kivuli kilisimama mlangoni. Mama Jeska, sasa mgongo umepinda na anatembelea fimbo.

"Umezichukua wewe?" akauliza akizielekezea ndoo kidevu.

"Nimezichukua, mama mdogo."

"Vizuri. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya msiba, tumeisamehe. Inayokuja wataanza kuuliza ni ya nani." Akanitazama vizuri, kuanzia viatu vyangu vya mjini kwenda juu. "Mama yako ameacha ulezi umeshaota, kimea kipo darini. Kikikaa kitaliwa na panya."

Nikamwambia sijawahi kupika kimpumu maishani mwangu. Nikamwambia nina biashara Tunduma inayoningoja. Nikamwambia mambo mengi, naye alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni lake.

Tulipika pamoja, yeye akiamuru kutoka kwenye kigoda. Kabla ya kutia uji nilichemsha maji kwenye birika lile lile, likiwa sasa jeusi kama chungu, nikayamwaga kwenye kila ndoo, nikafunga, nikakaa chini mbele ya ndoo nikingoja. Mama Jeska hakuuliza ninafanya nini. Nilipofungua, mvuke ukanipanda usoni, na mle ndani, hafifu, mkate ulikuwapo.

Jumamosi walikuja. Wazee wa siku zile wamekwisha, waliokuja ni watoto wao, rika langu, wengine niliocheza nao wakati ule wa jogoo mlevi. Chungu kikawekwa katikati, maji yakamiminwa, kila mtu akashika mrija wake na hakuna aliyeuingiza. Walikuwa wananingojea mimi. Nilipokuwa mtoto nilidhani hapa ndipo mtu anapojisikia mfalme. Nikapiga goti.

Nikainama, nikavuta. Kilikuwa cha moto na kichachu kuliko nilivyotarajia. Nikameza, wote wakinitazama koo, kisha nikafuta mrija kwa kiganja.

"Karibuni," nikasema.